Ukingo Mweupe

Mafundi wa fremu wana ugonjwa wao, na huyu wetu aliuugua kuliko wote mtaani. Hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Akialikwa chakula kwa watu, kabla hajanawa mikono ameshainuka kwenda kunyoosha picha ya ukutani, mwenye nyumba anabaki kumkodolea macho. Walimwita Pembe kwa sababu ya pembe za fremu zake, ambazo zilikutana barabara hata wembe usipate pa kupita. Jina lilimkaa. Mkewe naye alimwita hivyo, siku ambazo hakuwa na hasira naye.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mlango wake ukitazama barabara. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyojaa makovu ya kisu, mbao zilizoegemezwa ukutani, vioo vilivyosimamishwa ndani ya boksi la matambara, na kwenye kona jiko dogo la mkaa lenye kopo la gundi juu yake. Gundi za madukani hakuziamini. Alitumia ile ya kupasha moto, inayonuka kwato, na jiko alilichochea kwa mabaki ya kazi: vumbi la mbao, vijiti, vipande vya karatasi. Mezani kwake takataka hazikulala, na wateja aliwaeleza jambo hilo bila kuulizwa.

Asubuhi moja alishuka shangazi yake kwenye teksi, dada wa marehemu baba yake, kakumbatia kopo la biskuti. Huyu ndiye aliyemlea Pembe alipofiwa na mama, na macho yake sasa yalikuwa yameingia ukungu. Mtu na mlango aliweza kuvitofautisha. Sura ya mtu hapana.

"Pembe upo, au nimeingia kwa kinyozi?"

"Nipo, shangazi. Shikamoo. Karibu ndani."

"Marahaba, baba. Nipe kiti kizima. Nyinyi mafundi nawajua, mnatengeneza vya watu, vyenu vinayumba."

Akaketi, akafungua kopo, akatoa postikadi nne za zamani, za rangi nyeusi na nyeupe, zilizojikunja kwa uzee. Kila moja ilikuwa picha ya stesheni ndogo ya reli. Pembe alizijua tangu utotoni, ingawa hakuwahi kuruhusiwa kuzishika. Mume wa shangazi alikuwa mkuu wa stesheni, si zile kubwa zenye mikahawa, bali hizi ambazo treni ilisimama kwa kujilazimisha. Kila alipohamishwa, shangazi alikwenda kwenye duka la hapo stesheni, akanunua postikadi moja ya mahali wanapopaacha. Baadaye njia ile ilifungwa, reli zikang'olewa, watu wakatawanyika, na vijimji vyenyewe vikafa. Ukienda leo kuuliza habari zake utaonyeshwa shamba la mtu.

"Bomba Tatu, Mchanga Mweupe, Kona ya Nyani, Simama Kwanza," shangazi alisema, kwa mpangilio uleule wa treni. Majina hayo yalitolewa na vibarua waliotandika reli, watu ambao hawakuwa na muda wa kutafuta jina zuri. Yalikuwa yamechapwa kwenye ukingo mweupe wa kila kadi, chini ya picha, kwa herufi ndogo nyeusi.

Akaeleza anachotaka. Watoto wake watatu walizaliwa kila mmoja stesheni yake. Mkubwa alizaliwa Mchanga Mweupe, binti Kona ya Nyani, na kitinda mimba Simama Kwanza. Jumapili wangekutana wote nyumbani kwake, na alitaka kumkabidhi kila mmoja mahali alipozaliwa, pametiwa fremu, kabla macho hayajafunga duka kabisa.

"Na hii ya Bomba Tatu?" Pembe aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Hiyo yangu. Pale tulimwacha mmoja." Huyo alikuwa mtoto wa kwanza kabisa, hakufika hata kuachishwa ziwa, akazikwa nyuma ya stesheni, na familia haikuwa na mazoea ya kumzungumzia. "Fremu zote ziwe saizi moja, wasije wakaoneana wivu, unawajua. Na chini ya kila moja uniwekee kibao cha jina, kwa herufi kubwa. Majina yapo hapo ukingoni, wewe nakili tu."

"Hilo halina shida, shangazi."

Alimwinua, akampeleka mpaka kwenye teksi, na yule mama akaondoka akimwambia dereva kwamba duniani kuna mafundi, na kuna mtoto wake.

Kesho yake Pembe akaweka kadi mezani, na ule ugonjwa ukaanza. Kadi hazikulingana. Moja ilikuwa ndefu kidogo, nyingine imepinda upande, na kingo zote zilikuwa zimegeuka manjano. Moja ilikuwa na duara la bilauri ya chai pembeni. Picha zenyewe zilikuwa safi kabisa, uchafu wote ulikuwa kwenye kingo. Basi akachukua rula ya chuma na kisu, akazinyoosha zote nne, juu, chini, kushoto, kulia, huku akipiga mbinja. Akazipaka gundi mgongoni kote, kwa sababu zilikuwa zimejikunja na hakutaka zije zivimbe nyuma ya kioo. Akazibandika kwenye kadibodi, akaziwekea ubao na mawe juu. Gundi ilipoanza kupoa, akakusanya vile vipande vya ukingo na vumbi la mbao, akasukumia vyote jikoni. Mezani kukawa safi.

Alasiri, gundi ikiwa imekauka, akatia kadi ndani ya fremu. Zilipendeza, jamani, hilo hata adui yake asingekataa. Akakata vibao vinne, akachovya brashi kwenye wino, akainama juu ya kadi ya kwanza ili anakili jina.

Chini ya picha palikuwa na pembe mbili safi, basi.

Akaitazama ya pili. Akaitazama ya tatu. Ya nne hakuitazama, alikuwa ameshaelewa. Brashi ikadondosha wino kwenye mbao. Kisha akapiga magoti mbele ya jiko, fundi mzima, akawa anapekua majivu kwa kijiti kama kuku.

Mkewe alimkuta hapo. "Umedondosha nini?"

"Majina," alisema.

Ilibidi amweleze mara mbili. Mkewe alichukua fremu moja, akaigeuza, akauliza kama nyuma ya kadi hapakuandikwa kitu. Paliandikwa, Pembe alikiri. Palikuwa na mhuri wa zambarau wa lile duka, na jina la stesheni katikati. Ila mgongo wote umekunywa gundi. Akajaribu kuifungua kadi moja kwa mvuke wa birika, na kona ya picha ilipoanza kuvimba akaacha.

"Nenda kamwambie," mkewe alisema. "Sasa hivi. Anazijua stesheni zake, mwelezee picha zilivyo, atakutajia."

"Nitakwenda."

"Nimesema sasa hivi."

Akaenda kweli. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na maneno yalikuwa mazuri. Lakini alipofika alimkuta shangazi barazani na majirani wawili, na kabla hajakaa ameshatambulishwa. "Huyu ndiye niliyekuwa nawaambia. Kitu cha thamani kuliko vyote nilivyonavyo nimemwekea mikononi, na nimelala usingizi. Leo kuna fundi gani utamwachia kitu chako ulale?" Majirani wakamtazama kwa heshima. Pembe akacheka kicheko kidogo cha ajabu, akauliza habari za afya, akanywa chai, akaaga. Mkewe alipomuuliza, alisema shangazi alikuwa na wageni. Neno la kweli lina urahisi wake, unaweza kujificha nyuma yake siku nyingi.

Halafu akaja yule binamu mkubwa, mtoto wa kwanza wa shangazi kati ya walio hai, mtu wa ofisi, mwenye tabia ya kusimama katikati ya chumba asiguse kitu. Alikuja kuuliza kama kazi itawahi Jumapili. Alipoambiwa itawahi, hakuondoka.

"Ndugu yangu, nikwambie kitu kikae hapa. Jumapili si ya picha tu. Tumekubaliana sisi watatu tumwangalie mama vizuri. Juzi ameweka birika jikoni halina maji."

"Macho hayo," Pembe alisema.

"Macho tumeshazoea. Ninachoogopa ni kichwa. Kichwa kikiwa sawa, abaki kwake, tutamtafutia mtu wa kumsaidia. Lakini kikiwa kimeanza kuyumba, anahamia kwangu, na nyumba tunaifunga."

Huyo binamu aliishi ghorofa ya tatu. Nyumba ya shangazi ilikuwa vyumba vitatu na baraza, na humo alitembea bila kupapasa, akijua mlango ulipo na stuli ilipo, akijua jirani gani anapita kwa kusikia kandambili tu. Pembe aliyajua hayo yote. Akamwangalia binamu yake, akafungua mdomo, akasema fremu atazileta mwenyewe, wasihangaike.

Kilichobaki kilikuwa kubahatisha. Alizipanga zile picha mezani, akakaa kuzichunguza, na hata aibu ilikuwa na kichekesho chake. Mchanga Mweupe ni ipi, wakati kwenye picha za namna ile kila mchanga ni mweupe? Nyani hakuonekana hata mmoja. Picha moja ilikuwa na saa kubwa chini ya paa la jukwaa, na mbwa amelala. Nyingine ilikuwa na tangi la maji juu ya miguu ya chuma, na ngazi kando yake. Mbili za mwisho zilifanana kama alizipiga mtu mmoja akiwa amechoka: nyumba ya bati, madirisha mawili, mlango mmoja, mti nyuma, tofauti ni kwamba kwenye moja alisimama bwana mwenye kofia. Pembe akafikiri, tangi ni maji, maji ni bomba, basi ile ni Bomba Tatu. Yenye saa akaipa Mchanga Mweupe, kwa sababu jukwaa lake lilikuwa jeupe zaidi. Ya bwana mwenye kofia akaifanya Kona ya Nyani, iliyobaki Simama Kwanza. Aliandika kwa mkono uliotulia, herufi kubwa, nzuri kupita zote alizowahi kuandika. Alijiambia shangazi haoni, na watoto waliondoka huko wakiwa bado wanabebwa mgongoni, kwa hiyo nani ataumia? Mkewe alisoma vile vibao akiwa amesimama mlangoni, akamwita kwa jina lake halisi, akarudi jikoni.

Jumapili mchana sebule ya shangazi ilinuka dawa ya kung'arishia samani. Alikuwa amevaa vizuri, amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, fremu nne zikiwa zimelazwa kwenye meza ndogo mbele yake, na Pembe amewekwa kiti cha heshima mkono wake wa kulia ili ampokeze. Mkewe alikaa upande wa pili wa chumba, karibu na mlango. Watoto watatu walikuwa kwenye kochi: mkubwa, binti, ambaye ni muuguzi na ana macho ya kazi hiyo, na kitinda mimba, mtu wa mzaha ambaye aliendesha lori na hakujua kukaa kimya.

"Nianze na Mchanga Mweupe," shangazi alisema. Pembe akampa fremu yenye kibao hicho, naye akamkabidhi mwanawe. "Iangalie vizuri. Unaona tangi? Unaona ngazi ya chuma kando yake? Siku uliyozaliwa baba yako alikuwa juu ya ngazi hiyo anaangalia maji. Wakamwita, akashuka haraka akateleza, akaja kukuona anachechemea."

Mkubwa aliangalia picha. Akaona saa, akaona mbwa. Akawatupia ndugu zake jicho.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nimeona."

Niseme sasa, Pembe alijiambia. Lakini shangazi alikuwa ameshanyoosha mkono, anasubiri ya pili, na Pembe akampa ya pili.

"Kona ya Nyani. Hii yako, binti yangu. Angalia saa hiyo hapo juu. Kubwa hivyo, na haikuwahi kusema ukweli hata siku moja. Baba yako aliandikiwa barua ya onyo kwa sababu yake, eti treni inachelewa. Treni haikuchelewa, saa ndiyo ilikuwa na haraka." Akacheka, akangoja wacheke.

Binti aliinamia fremu yake. Alimtazama yule bwana mwenye kofia. "Mama," alisema kwa sauti laini, ile wanayoitumia wauguzi wakikuhoji huku wanakupima. "Saa iko kwenye ya kaka."

"Ya kaka yako ni Mchanga Mweupe. Mchanga Mweupe hapakuwa na saa."

"Ipo, mama. Naiona hapa."

"Na tangi?"

"Tangi liko kwenye ile ya mezani. Ya Bomba Tatu."

"Bomba Tatu hapakuwa na tangi, mtoto, ndiyo sababu ya hizo bomba." Shangazi aligeuza uso huku na huku, akitafuta atakayemuunga mkono. "Mnanitania?"

"Hatukutanii, mama," mkubwa alisema. "Imeandikwa. Kwa herufi kubwa kabisa."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa. Kazi ya Pembe, unaijua mwenyewe."

Shangazi aliweka mikono yake mapajani, akaifuta kwenye nguo yake kama iliyolowa. Pembe alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Mkewe alikuwa anamtazama kutoka mlangoni bila kupepesa, naye akaangalia sakafu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, kwa hiyo akaendelea kukaa.

"Basi nisameheni, wanangu," shangazi alisema. "Nilidhani macho tu ndiyo yaliyoondoka."

Binti alihamia karibu naye, akamshika kifundo cha mkono, vidole vikienda vyenyewe kwenye mshipa. Mkubwa akakohoa, akasogea mbele kwenye kochi, akasema kwa upole, na ulikuwa upole wa kweli, kwamba kulikuwa na jambo walitaka kuzungumza naye, kuhusu kuishi peke yake. Chumba kipo tayari kwake. Kina dirisha. Wajukuu watafurahi.

"Sawa," shangazi alisema. Hakuuliza swali. Yule mama ambaye punde tu alikuwa akiibishia reli nzima kuhusu saa, sasa alitikisa kichwa kama mtoto aliyekosea. "Sawa. Mtakavyoona nyinyi. Kama nimefika huko, basi nitahama."

Hapo ndipo Pembe alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi."

Alieleza vibaya. Alianzia kwenye gundi, akarudi kwenye kisu, akaruka mpaka kwenye majivu, na katikati akaanza kueleza kwa nini kadi za zamani hujikunja, jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Lakini alimaliza. Majina aliyakata, akayachoma, akabahatisha, akaandika uongo kwa herufi kubwa.

"Ulikata majina?" mkubwa aliuliza.

"Nilikata ukingo. Ulikuwa mchafu."

"Na siku ile niliyokuja karakana ulikuwa umeshakata?"

"Nilikuwa nimeshakata."

Mkubwa akamgeukia mama yake, na uso ukamshuka, kwa sababu aibu ya siku ile haikuwa ya mtu mmoja. Binti aliachia ule mshipa taratibu.

"Kwa hiyo mimi nimezaliwa wapi?" kitinda mimba aliuliza. Wenzake hawakucheka.

Shangazi alikuwa ameketi wima. "Zileteni hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Zote nne. Na mtu anielezee kilichomo, si kilichoandikwa."

Binti akaeleza. Kwenye tangi na ngazi shangazi hakungoja amalize: Mchanga Mweupe, mpe kaka yako. Kwenye saa na mbwa akapiga paja lake: Kona ya Nyani, na mbwa alikuwa wa mkata tiketi, mvivu kuliko bwana wake. Walibandua vibao kwa ncha ya kisu cha jikoni, na kwa dakika hizo chumba kilikuwa karibu kuchangamka.

Zikabaki mbili za nyumba ya bati.

"Bwana mwenye kofia ana ndevu?"

"Yuko mbali, mama. Haonekani usoni."

"Mti uko upande gani?"

"Zote upande wa kushoto."

"Nyuma ya nyumba, chini ya mti, kuna mawe yamepangwa?"

Binti alizipeleka fremu zote mbili dirishani. Alitazama moja, akatazama nyingine. Kulikuwa na weusi pale chini ya miti yote miwili, unaoweza kuwa mawe, unaoweza kuwa kivuli. Alimwambia mama yake hivyo, na sauti yake haikuwa tena ya kazini.

Shangazi alizipokea zote mbili, akapitisha kidole juu ya vioo, kwenye kile cha kwanza, kisha cha pili, kana kwamba mkono ungekumbuka. Stesheni hizi mbili zilijengwa kwa ramani moja, alisema, hata mlango ulilalamika sauti moja. Mwaka juzi, macho yakiwa bado yapo, angezitambua. Sasa hakuna mtu mwingine aliye hai aliyewahi kuishi humo akiwa na akili ya kukumbuka.

"Sijui," alisema. "Moja ni mwanangu huyu na moja ni yule. Sijui ipi."

Kitinda mimba aliinuka, akachuchumaa mbele yake. "Zikae kwako zote mbili, mama. Mimi nitakuwa nakuja kuziona." Kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza mzaha.

"Na lile jambo la kuhama," mkubwa alisema, akitazama viatu vyake, "tuliache."

"Liacheni. Na msiende kulinong'ona uani. Masikio yangu hayana ukungu."

Wakainuka kwenda kuandaa chakula, kila mmoja akijitia ana kazi. Mke wa Pembe alikwenda nao jikoni. Pembe naye alitaka kwenda, lakini shangazi alimwambia aokote kiti chake akae, na alipokaa, akamwekea mkono gotini, kama alivyofanya tangu akiwa mdogo.

"Kukata ulikata kwa kutojua."

"Ndiyo, shangazi."

"Kuandika uongo uliandika kwa aibu. Hilo nalo nalielewa, aibu nimeishi nayo. Nijibu moja tu. Niliposema nisameheni, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na niliposema nitahama?"

"Nilikusikia."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Alitafuta jibu la kumpa. Alipata mengi, na yote yalikuwa yamenyooka, yamepigwa rula. Chini yake kulikuwa na moja tu la kweli.

"Nilikuwa nangoja nione kama itapita bila mimi."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu. Hakukasirika, kama angekasirika Pembe angejua pa kushika. Aliondoa mkono wake gotini kwake, akaurudisha mapajani, akaelekeza uso kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamwita binti yake aje kumwinua, ampeleke mezani. Binti alijibu kutoka jikoni kwamba anakuja, anafuta mikono. Pembe alisimama, akamnyooshea mkono. Shangazi aliuona, kwa maana vivuli bado aliviona, na alikaa palepale kumngoja binti yake.